Mti wa Uani Kolwezi: Bustani Ndogo, Kampuni na Ardhi ya Shaba

Historia ya Kolwezi imeandikwa mara nyingi kwa hesabu za tani za shaba na kobalti, kwa majina ya migodi na kwa tarehe za vita, na ni nadra mwandishi kusimama mbele ya nyumba ya mfanyakazi akauliza ni mti gani uliopandwa pale, nani aliupanda na kwa nini haukuwa mkubwa zaidi. Swali hilo huonekana la upuuzi kando ya mashimo ya migodi yanayoweza kumeza mtaa mzima, lakini katika mji uliojengwa na kampuni juu ya ardhi iliyoshikwa na kampuni, mti ni shahidi wa kuaminika kuliko hotuba nyingi. Mahindi huvunwa ndani ya miezi michache na muhogo hungoja mwaka mmoja au zaidi, ilhali mti wa maua hupandwa na mtu anayetarajia kuwapo siku utakapochanua. Mti unaozungumziwa hapa ni ule wa mapambo unaofaa eneo dogo, yaani mti usiozidi mita nne au tano, ambao mizizi yake haipasui ukuta wala bomba la maji na ambao hupandwa zaidi kwa ajili ya maua, kivuli na heshima ya nyumba kuliko kwa ajili ya chakula. Katika ukanda wa shaba wa Lualaba, historia ya mti huo imefungamana na suala la nani aliruhusiwa kukaa, kwa muda gani, na juu ya ardhi ya nani.

Mazingira yenyewe hayamtendei mpanda miti kwa upole. Kolwezi iko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,450 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, kisha hufuata kiangazi cha karibu nusu mwaka ambacho usiku wake wa Juni na Julai huwa na baridi kali. Uoto wa asili ni miombo, yaani misitu ya wazi ya miti ya jamii za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, lakini ndani ya misitu hiyo hujitokeza vilima visivyo na mti hata mmoja, vilivyofunikwa na nyasi na mimea mifupi tu. Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet, aliyepita Katanga mwaka 1892 pamoja na msafara wa Bia na Francqui, alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuyaeleza kitaalamu madini ya nchi hiyo, na vilima hivyo vitupu vikaja kuwa alama ya kutegemewa kwa watafutaji wa madini waliomfuata, ijapokuwa wahunzi wa Kisanga na Kiyeke walikuwa wakiyachimba na kuyayeyusha mawe ya kijani ya malakiti muda mrefu kabla ya msafara wowote. Shaba ikizidi udongoni huiua mizizi ya miti mingi, na mahali pake huota mimea michache iliyozoea sumu hiyo, ambayo mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud aliichunguza kwa kina katika miaka ya 1950 na 1960, na François Malaisse akaendeleza kazi hiyo akiwa Lubumbashi. Haumaniastrum katangense imepata sifa ya kuwa ua la shaba, na Crotalaria cobalticola imehusishwa na udongo wenye kobalti. Kwa hiyo ardhi iliyokuwa na utajiri mkubwa zaidi ilijitambulisha kwa kukosa miti, jambo linalofaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba mji wa migodi hauna haja ya bustani kwa sababu una mali nyingine.

Asili hiyohiyo, hata hivyo, ilimpa mkulima wa uani msaada mmoja mkubwa. Kusini mwa Katanga kumetapakaa vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine vyenye urefu wa mita kadhaa, ambavyo udongo wake ni wa mfinyanzi, hauna uchachu mwingi kama udongo mwekundu unaovizunguka, na una chokaa na virutubisho zaidi. Udongo huo ndio uliotumika na unaotumika bado kufyatulia matofali, na wakulima wa bustani huuchanganya na udongo wa kawaida kabla ya kupanda, hata ikawa nyumba na mti ulio mbele yake mara nyingi vimetoka katika kichuguu kimoja.

Desturi ya kupanda mti mmoja mdogo mbele ya nyumba haikuletwa na kampuni. Miongoni mwa Walunda na majirani zao wa nchi ambayo leo imegawanywa kati ya Kongo, Zambia na Angola, mti wa muyombu ulipandwa kijijini kwa ajili ya wazee waliofariki, ukawa madhabahu hai. Mwanaanthropolojia Victor Turner, aliyefanya utafiti kati ya Wandembu wa Mwinilunga mwanzoni mwa miaka ya 1950, upande wa pili wa mpaka, aliueleza kuwa mti wenye utomvu mweupe, uliooteshwa kwa kuchomeka kipande cha tawi ardhini, ambapo watu walimwaga pombe na kupaka udongo mweupe walipomwomba babu au nyanya kwa jina lake. Wataalamu wa bustani wangeuita mti unaoota kwa kipandikizi, yaani kwa tawi lililokatwa na kuchomekwa bila mbegu, na kwa kuwa ulipandwa ndani ya kijiji ulibaki chini ya macho ya wenye nyumba. Uzuri wake ulikuwa jambo la pili, kwani kazi yake ya kwanza ilikuwa kutangaza kwamba ukoo fulani upo pale na una watu wake chini ya ardhi ile. Kijiji kilipohama, mti ulibaki kama hati ya madai, na kipande chake kingeweza kuchomekwa mahali papya.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini, iliyokuwa imefika Broken Hill, sasa Kabwe, mwaka huohuo, iliingia Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Reli hiyo ilileta makaa, mashine na wafanyakazi, na ni vigumu kuamini kwamba haikuleta pia miti, kwa sababu mjakaranda wa Amerika ya Kusini, ambao kufikia mwanzo wa karne ya 20 ulikuwa umekwisha kupandwa Pretoria, ulikuja kuzipamba barabara za miji iliyofuatana na njia hiyo ya chuma, kutoka Lusaka hadi Lubumbashi. Upande wa Kongo yenyewe, bustani ya mimea ya Kisantu, iliyoanzishwa na mmisionari Mjesuiti Justin Gillet, na ile ya Eala karibu na Mbandaka, iliyoanzishwa mwaka 1900, zilikuwa vituo ambako mimea ya kigeni ilijaribiwa kabla ya kusambazwa. Mjakaranda na mti mwekundu wa Madagaska, Delonix regia, ni miti ya barabara pana: matawi yake huenea mita kumi na zaidi, na mizizi yake huinua lami. Ilifaa mitaa ya Wazungu, ambako nyumba ilisimama katikati ya kiwanja kikubwa na palikuwa na mfanyakazi wa Kiafrika aliyeajiriwa kumwagilia, kupogoa na kufagia maua yaliyoanguka.

Kambi za wafanyakazi zilikuwa na hesabu nyingine. Katika miaka ya mwanzo kampuni iliwaajiri watu kwa miezi michache, wengi wakiwa wanaume peke yao, na vifo kambini vilikuwa vingi. Mtu wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kupanda hata mpera. Mabadiliko yalianza mwaka 1927 na 1928, kampuni ilipoingia katika sera ya kuwatuliza wafanyakazi, yaani kuwafanya wakae kwa mikataba ya miaka mitatu inayoweza kurudiwa, wakiwa na wake na watoto, badala ya kuwaajiri upya kila mara kutoka Kasai, Lomami au Ruanda-Urundi. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika na kuandika mwaka 1946 kuhusu sera hiyo, aliitazama familia kambini kama msingi wa uzalishaji, na nyumba za matofali, zahanati, shule, vituo vya kuwafunza akina mama kushona na kutunza nyumba, pamoja na posho, yaani mgao wa unga na vyakula vingine, vyote viliingia katika hesabu hiyo. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya kundi la magharibi la migodi ya kampuni, ilizaliwa tayari ndani ya mpango huo. Kambi zake zilipangwa kwa mistari, kila nyumba na lupango wake, neno ambalo Waswahili wa Katanga hulitumia kwa kiwanja cha nyumba pamoja na uzio na uwanja wake.

Ukubwa wa lupango wa kambini ndio uliouchagua mti. Palipobaki hatua chache kati ya mlango na njia, mjakaranda haukuwa na nafasi, na wakaguzi wa afya, ambao tangu mwanzo wa ukoloni waliviona vichaka vilivyokaribiana na nyumba kuwa maficho ya mbu, walipendelea uwanja uliofagiliwa hadi udongo uonekane. Mti uliokubalika ulikuwa mmoja, mfupi, wenye shina linaloonekana: mpera, mlimau, mfrangipani, au ile Thevetia yenye maua ya njano ambayo hukatwa ikawa ua au huachwa ikawa mti, ingawa mbegu zake ni sumu kali kwa moyo. Haitoshi kusema kwamba bustani hizo zilikuwa mapambo yasiyo na siasa. Nyumba ilikuwa ya kampuni, mkataba ulipokwisha nyumba ilikwisha pamoja nao, na mti uliopandwa na fundi wa mgodini ulirithiwa na mgeni aliyepewa namba ya nyumba ileile. Miaka mitatu ni muda wa kutosha kwa mpera kuanza kuzaa, na ni mchache mno kwa miti mingi mikubwa, kwa hiyo urefu wa mkataba ulipunguza orodha ya miti kwa uhakika uleule wa urefu wa uzio.

Mfrangipani unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hakuna mti mwingine unaoeleza vizuri zaidi jinsi bustani ndogo ilivyowezekana bila fedha. Plumeria rubra ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, ikapewa jina la jenasi kwa heshima ya mtaalamu wa mimea Mfaransa Charles Plumier, ikaenezwa katika nchi za joto duniani na kupandwa kwenye mahekalu na makaburi ya Asia. Anayetaka kuuotesha hahitaji kitalu. Hukata tawi nene lenye urefu wa mkono mmoja hivi, huliacha kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke na utomvu mweupe uache kutoka, kwa maana tawi likichomekwa bado bichi huoza, kisha hulisimamisha katika udongo usiotuamisha maji na hulinyima maji mengi hadi majani yatokee. Matawi yake manono huhifadhi maji, na mti huangusha majani wakati wa kiangazi, hivyo huvuka miezi mitano au sita ya ukame wa Kolwezi bila kumwagiliwa, jambo lenye uzito mahali ambapo maji huchotwa kwenye bomba la pamoja. Maua huweza kutokea kwenye ncha za matawi yaliyo matupu bado, kabla mvua hazijashika. Hukua polepole, na anayeukata kila baada ya miaka michache huweza kuuzuia usipite paa. Utomvu wake huwasha ngozi na mbuzi hawaupendi, sifa ambayo katika uwanja usio na uzio imara ni faida. Na kama ule muyombu wa vijijini, huota kwa tawi la jirani. Aliyehamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine angeweza kuubeba mti wake chini ya kwapa.

Mwaka 1967 mali za Union Minière zilitwaliwa na serikali, na kampuni ya taifa iliyozichukua ikaja kujulikana kama Gécamines. Kambi ziliendelea karibu kwa utaratibu uleule, na wazee wa Kolwezi huukumbuka wakati huo kama wakati wa maji bombani na taka zilizozolewa. Vita vya Mei 1978, ambapo waasi waliotoka Angola waliuteka mji na askari wa miamvuli wa Kifaransa wakashuka tarehe 19, viliwaondoa Wazungu wengi waliokuwa wamebaki, na viwanja vyao vikubwa vikagawanywa au vikaachwa. Lakini pigo lililobadilisha sura ya uwanja wa nyumba lilikuwa la kiuchumi. Sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka hadi takriban tani 30,000 katikati ya miaka ya 1990. Posho ilikoma na mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walikuwa wazawa wa kambi hizohizo, walifukuzwa Katanga na kujazana kwenye stesheni za reli za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, wakiacha nyumba pamoja na kila kilichopandwa nje yake. Katika miaka hiyo maua yalipoteza hoja. Mahindi, muhogo na matembele viliingia hadi ukingo wa baraza, na mti ulioendelea kuheshimiwa ulikuwa ule wenye matunda, hasa mwembe na ule wa parachichi, ambalo Katanga huitwa avoka, ijapokuwa yote miwili huzidi kimo cha kiwanja kidogo na kuleta ugomvi wa majani na jirani.

Kinyume na inavyotarajiwa, ilikuwa katika unyonge huo ndipo mti wa uani ulipopata mwenyewe. Mpango wa kuondoka kwa hiari, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2003, uliwatoa zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines kwa malipo ya mara moja, na nyumba nyingi za kambi ziliingia mikononi mwa waliokuwa wakikaa ndani yake. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilikuwa imekwisha kuweka mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja: kwamba ardhi yote ni mali ya dola na raia hupewa haki ya kuitumia tu, na kwamba miti na mimea isiyong'olewa huhesabiwa kuwa mali isiyohamishika sawa na jengo. Mstaafu wa mgodini aliyekuwa na cheti cha lupango wake alimiliki mfrangipani kwa namna ambayo baba yake hakuwahi kuumiliki. Hakumiliki kilichokuwa chini yake, kwani Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, zote zimeyaweka madini mikononi mwa dola, na cheti cha juu ya ardhi hakimpi mtu haki ya kuchimba.

Tofauti hiyo kati ya juu na chini ilikuwa maneno ya wanasheria mpaka mwaka 2014, ambapo katika mtaa wa Kasulo, mtaa wa makazi wa Kolwezi, iligunduliwa kwamba chini ya nyumba kuna heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Simulizi inayorudiwa zaidi ni ya mkazi aliyekuwa akichimba shimo la choo. Katika muda mfupi viwanja vikajaa mashimo yaliyoshuka wima na kufunikwa kwa maturubai, mengine yakianzia sebuleni, na wenye viwanja wakawa wanagawana mapato na wachimbaji wa mikono. Hapa ndipo hesabu ya kale iligeuka. Sheria ya madini hulinda ardhi iliyo karibu na nyumba isikaliwe na mchimbaji bila ridhaa ya mwenye nyumba, lakini haikutarajia kwamba mwenye nyumba ndiye atakayekuwa wa kwanza kushika sururu. Mti haukuwa na mtetezi, na haifai kumlaumu mtu ambaye gunia moja la mawe lilimpa fedha ambazo bustani isingempa kamwe. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa uzio chini ya makubaliano kati ya mkoa na kampuni ya Congo Dongfang Mining, mamia ya kaya yakahamishwa, na ndani ya uzio nyumba zikabomolewa. Utafiti wa wataalamu wa Lubumbashi na Leuven uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wakazi wa Kasulo, watoto zaidi ya watu wazima, walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa njia mojawapo.

Vumbi limeirudisha hoja ya mti usioliwa kwa mlango wa nyuma. Lubumbashi, katika mtaa wa Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba uliua miti na kuacha udongo mtupu, watafiti wa chuo kikuu cha mji huo wamejaribu kupanda miti ndani ya mashimo yaliyojazwa udongo uliorekebishwa kwa mboji na chokaa. Chokaa hupunguza uchachu, na uchachu ukipungua shaba hushikamana na udongo badala ya kuyeyuka katika maji yanayonywewa na mizizi. Mboga zilizolimwa katika bustani zilizochafuliwa za mji huo zimekutwa na metali, na kuosha majani kwa muda mrefu hakusaidii sana kuondoa metali iliyokwisha kuingia ndani. Mti wa maua hauna hatari hiyo, kwa kuwa hakuna anayeula, na majani yake hunasa sehemu ya vumbi kabla halijafika dirishani.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo wakulima wa vitalu wa Marekani walilitumia kwa makusudi, ilhali Kolwezi hulipata bila kuomba. Wakulima hao wamekuwa wakipaka ndani ya vyungu rangi yenye hidroksidi ya shaba, kwa sababu ncha ya mzizi ikigusa shaba husimama, na mzizi hutoa matawi nyuma yake badala ya kuzunguka ukuta wa chungu na kujinyonga. Huko shaba iko ukutani tu na udongo wa ndani ni salama. Katika kiwanja kilicho karibu na kiwanda au na lundo la masalia ya mgodi, shimo lililojazwa udongo wa kichuguu na mboji huwa ndicho chungu, na udongo wa nje ndio ukuta. Mwembe uliopandwa hapo hukua hadi mizizi ifike ukingoni, kisha hudumaa na kukauka ncha, wakati mfrangipani au mlimau, ambao hauhitaji nafasi kubwa, hutosheka na shimo la mita moja kwenda chini na mita moja kwa upana. Na mlimau, kwa kuwa tunda lake linaliwa, hufaa zaidi kuwekwa katika pipa lililokatwa nusu, lililoinuliwa juu ya mawe ili maji ya kiwanja yasiingie.